Nguo ya Mwenye Sikukuu

Joyce ameniomba niwaachie mafundi mliobaki maneno mawili matatu, akasema yawe mafupi kwa sababu siku hizi hakuna anayesoma kitu kirefu. Mimi sijawahi kushona kitu kifupi mteja akafurahi, kwa hiyo mtanivumilia. Macho yamekataa kutunga uzi kwenye sindano, magoti nayo yamekataa kukanyaga cherehani, na fundi hustaafu hivyo hivyo, bila barua wala hotuba. Habari za vyeo hamtaziona humu maana kwenye cherehani hakuna cheo. Nataka kuwaeleza kile kigauni cheupe ambacho kila mwaka mliniona nakikata kabla ya nguo yoyote ya Krismasi, nanyi mkanuna kwamba nawachelewesha.

Nilifika Manzese nikitokea Mbinga, nikiwa bado bibi harusi. Mume wangu Kastori alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja la Ubungo, nami nilikuwa najua kushona kidogo, kwa kiwango cha kijijini, yaani suruali ikikaa kiunoni umefaulu. Paroko akanipeleka kwa Mama Theodosia. Huyu alikuwa fundi mjane mwenye chumba kimoja nyuma ya Barabara ya Morogoro, cherehani tatu za miguu, na benchi la wateja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa tofali. Siku ya kwanza hakunigusisha cherehani. Alinipa pasi ya mkaa na shati la mteja, akaenda zake sokoni. Aliporudi alikuta nimeunguza kola.

"Vizuri," akasema. "Sasa utajifunza kufumua."

Nikapewa wembe. Juma zima nilikuwa nafumua mishono ya nguo zilizokosewa, uzi baada ya uzi, bila kuchana kitambaa. Ni kazi ya kuudhi kuliko zote, na hadi leo naamini ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu mwenye cherehani. Aliniwekea na sheria nyingine: mkasi wa kitambaa haukati karatasi, hata uombwe na askofu. Sindano iliyopinda haisamehewi. Mteja hapimwi akiwa amejaza funguo na pochi mifukoni. Hii ya mwisho mmenisikia nikiipigia kelele mpaka mkanibandika jina la Anti Mifuko, msifikiri sijui.

Mnajua wenyewe Desemba ya fundi ilivyo. Mji mzima hukumbuka kwamba una watoto, na watoto hao hawana nguo. Kitambaa huletwa leo, nguo hutakiwa juzi. Hapo ndipo fundi anapotoa ule uongo wetu wa jadi: "Njoo kesho, bado vifungo tu," na kitambaa chenyewe bado kiko kwenye mfuko alioletea mteja. Mama Theodosia alikuwa mwongo kama sisi sote, ila kipindi cha Majilio, tukiingoja Noeli, alijitahidi kutubu. Badala ya "njoo kesho" alisema "njoo keshokutwa."

Lakini alikuwa na mwiko mmoja. Jumapili ya kwanza ya Majilio ikishapita, Jumatatu asubuhi hakuna mkasi uliogusa kitambaa cha mtu mpaka kikatwe kigauni cha Mtoto Yesu, cha kumvalisha yule wa sanamu wa kwenye pango la Noeli kanisani kwetu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwuliza kwa nini tusitumie vipande vinavyobaki, tukishone siku za mwisho.

"We Agripina," akasema, "ukialikwa kwenye sikukuu ya mtu, utavaa mpya, wanao watavaa mpya, mwenyewe umwachie makombo? Mji mzima unashonewa, kasoro mwenye sikukuu. Adabu gani hiyo?"

Kitambaa alikwenda kukichukua kwa Mzee Abbas, Mhindi wa Kishia aliyekuwa na duka la vitambaa hapo hapo barabarani. Mwezi wa Muharram tulimjua kwa nguo zake nyeusi, na siku ya Ashura hatukwenda hata kumbishia hodi. Kila Majilio alikuwa akimkatia Mama Theodosia kipande cheupe, naye mwenyewe alikinyoosha juu ya meza kwa viganja viwili.

"Isa bin Mariamu ni wetu pia, Mama Theo," alikuwa akisema. "Lakini poliesta sikupi. Mtoto mchanga na joto hili la Dar! Chukua pamba."

Mama Theodosia alimjibu kwamba Mtoto mwenyewe ni wa plasta, hasikii joto. Mzee Abbas akamwuliza, na huyo atakayekivaa baadaye ni wa plasta pia? Maana kigauni kilikuwa na safari mbili. Kilivaliwa na Mtoto wa pangoni kwenye Misa ya mkesha na Misa ya mchana, kisha mchana ule ule wa Krismasi kilivuliwa na kupelekwa wodi ya wazazi, kwa mtoto aliyezaliwa usiku huo ambaye mama yake hakujaliwa kumwandalia kitu.

Pateni ya kukatia kigauni hicho ilikuwa ya karatasi ya kaki. Mama Theodosia aliichora mwenyewe, baada ya paroko kumruhusu kupanda altareni na futi yake na kumpima yule Mtoto wa plasta, mikono ikiwa imetanuliwa namna ile ya kubariki. Ilikuwa pateni safi. Shingo ya mviringo, kifungo kimoja nyuma, mikono mipana.

Mwaka wa pili aliniwekea pateni hiyo mbele yangu na kunipa mkasi. Nilidhani ni heshima, na kweli ilikuwa heshima, lakini alikuwa na sababu nyingine. Mtaani walikuwa wameanza kuniuliza ile salamu inayokuja na ndoano: "Mama nani vile?" Unajibu kwamba bado, wanasema Mungu yupo, halafu wanakutazama tumbo. Nilikuwa nalia msalani ili Kastori asione. Mama Theodosia aliona, kwa sababu macho mekundu siku ya kupima wateja hayafichiki.

"Shona hiki," akaniambia, "na ukishona uombe. Mie sikuahidi kitu, mie si Malaika Gabrieli."

Basi niliomba. Tangu mwaka ule nilikishona mimi kigauni kila Majilio, na kila nilipokuwa nikipinda upindo nilimwambia yule Mtoto habari yangu, kwanza kwa adabu, miaka ikisogea kwa hasira, baadaye kama mtu anayezungumza na jirani. Tulikwenda hospitali. Tulikunywa mizizi iliyotoka kwetu na iliyotoka kwao. Shemeji yangu mkubwa alifunga safari kutoka Mbinga kuja kumshauri Kastori aongeze mke. Kastori akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Kaka, mie nina mke fundi. Wa pili wa nini, wa kutia vifungo?" Shemeji alikula ugali wetu na kesho yake akapanda basi.

Nawaambia haya waziwazi kwa sababu nyinyi mlikuwa mkiniona nacheka tu. Nilimtaka mtoto. Nimestaafu cherehani lakini hamu ile haikunistaafu, bado inaniamsha asubuhi. Nilikuwa naweza kukikata kigauni, kukishona, kukipiga pasi na kumvalisha Mtoto wa plasta kwa mikono yangu. Kukipeleka wodini sikuweza. Mama Theodosia alikuwa akinialika kila Krismasi, nami nikawa na jibu langu, "Nina nguo za watu." Siku ya Krismasi hakuna fundi duniani mwenye nguo za watu, kila mtu ameshavaa yake, ama ameshamlaani fundi wake. Alijua. Alikwenda peke yake, akirudi hakunisimulia.

Mwaka mmoja alikuja mteja kutoka Kinondoni, Mama Glory, amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha. Alibeba vitenge vya ukoo mzima, babu hadi wajukuu, sare moja. Ilikuwa ile Jumatatu, na pamba ya Mzee Abbas ndiyo kwanza imetandikwa mezani.

"Naomba uanze kukata sasa hivi nikiona," akasema. "Nimeshaumizwaga na mafundi."

"Leo asubuhi kuna mtu mbele yako," Mama Theodosia akamjibu.

Mama Glory akatazama huku na huku. Benchi lilikuwa tupu. "Mtu gani? Mbona sioni mtu?"

"Mwenye sikukuu. Hajakatiwa."

Yule mama alikusanya vitenge vyake akatoka kwa kishindo. Mimi roho iliniuma, ilikuwa kazi kubwa ile. Kumbe alizunguka Manzese nzima akakuta mafundi wote wamejaa mpaka mlangoni, na kabla ya adhuhuri akarudi. Safari hii aliketi. Nilikuwa nimefika kwenye mikono ya kigauni, naye akavua miwani akakitazama.

"Hicho cha nani?" akaniuliza, sasa kwa sauti ya kawaida.

"Cha Yesu."

Hakucheka. Akasema, kama anajisemea, "Mwaka jana hata kanisani sikufika. Nilikuwa na wageni." Akasubiri mpaka nikakata uzi wa mwisho, ndipo akafungua vitenge vyake. Tangu hapo alikuwa mteja wetu, na kila mwaka aliuliza kwanza kama mwenye sikukuu ameshashonewa.

Mama Theodosia alifariki mwezi wa Juni. Aliniachia chumba, cherehani, benchi la tofali na ile pateni ya kaki. Namkumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Nakumbuka kikohozi chake cha kuonya kabla mteja hajaingia, na alivyokuwa akishika pini midomoni na bado akaweza kunisema. Krismasi ya kwanza bila yeye nilimvalisha Mtoto kigauni nikageuka kumwuliza kama upindo umekaa sawa. Nyuma yangu alikuwa mwanakwaya akitafuta soketi ya kinanda.

Akina mama wa jumuiya wakachukua kazi ya kukipeleka wodini. Mimi nikaendelea na nguo za watu.

Kisha mkaja nyinyi, na simu zenu. Joyce, sikusemi, nakusimulia tu. Siku hizi mteja haleti hata kipimo, analeta picha: familia ya mtu wa mbali imevaa sare nyekundu na nyeupe, kofia za manyoya, theluji ya pamba imemwagwa chini ya mti wa plastiki. Anataka vilevile, kofia ya manyoya Manzese, mwezi wa Desemba! Nikikushangaa unaniambia, "Anti, sasa hivi Krismasi ni mapicha. Watu wanaposti kabla hata ya Misa." Na ni kweli. Niliwahi kuuona ukoo mzima umependeza kwa mishono yangu mwenyewe, wanapiga picha nje ya geti la kanisa, halafu wakaingia kwenye magari wakaondoka. Kengele ilikuwa inalia.

Msinielewe vibaya. Nguo mpya za sikukuu zimenilisha maisha yangu yote, sina mdomo wa kuzitukana. Kwetu Mbinga pia tulivaa mpya tukala vizuri. Lakini marehemu baba hakuturuhusu kuugusa wali kabla mdogo kuliko wote anayejua kusoma hajasoma habari ya Mtoto kuzaliwa na kulazwa horini, na tulisikiliza huku harufu ya kuku ikitutesa. Natamani ile njaa. Natamani tena nyumba ambayo watu wanamngoja mtu, na wanajua wanamngoja nani.

Mwaka huu sikuwa na cherehani. Mzee Abbas alishatangulia, lakini mwanawe, ambaye sasa anauza zaidi mapazia, alinikatia pamba bila kuulizwa, akaniambia, "Mzee aliacha neno, Mama. Si poliesta." Nilikishona kwa mkono sebuleni, Kastori akinitungia uzi na kulalamika kwamba tundu la sindano limepunguzwa kiwandani.

Baada ya Misa ya mchana ya Krismasi nilikwenda pangoni kukivua kigauni nikikunje kama kawaida nimkabidhi mwenye zamu. Mwenye zamu hakuwepo. Mnajua Desemba yetu, nusu ya jumuiya imekwenda Moshi, na waliobaki walikuwa wamekimbilia masufuria yao. Padre wetu kijana akanijia, kanzu mkononi.

"Mama Agripina, naomba kakipeleke wewe."

Nikafungua mdomo niseme nina nguo za watu. Sikuwa nazo. Sikuwa na hata moja, na padre alikuwa ananingoja nimalizie sentensi. Nikamtazama Kastori anisaidie, naye akatazama viatu vyake. Halafu akasema polepole, "Twende. Mie nitakungojea getini."

Sijui nilifikaje wodini. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikasikia vile vilio vya watoto wachanga, vyembamba, vingi kwa pamoja, nikageuka kuondoka. Muuguzi alikuwa nyuma yangu na trei. "Ni wewe wa nguo ya kanisani? Pita, mama, yule pale wa dirishani."

Alikuwa binti mdogo aitwaye Rozi, wa Kimara, hajapata hata mgeni mmoja. Mtoto wake wa kiume alikuwa amezungushiwa kanga kuukuu. Nikampa pole na hongera, nikaweka kigauni kitandani, nikawaza nimemaliza, sasa naondoka.

"Jamani, kizuri!" Rozi akasema. Kisha akainua mkono wake kunionyesha sindano ya dripu. "Nivalishie basi, mama. Mie mkono huu hauwezi."

Alinipa mtoto kama mtu anavyompa mwenziwe sahani. Nikampokea.

Nikampitishia kigauni kichwani. Hakikupita. Nikafungua kifungo, nikajaribu tena, shingo ikakwama juu ya nyusi, mtoto akaanza kukunja uso. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani, ngumi mbili, na mikono ya kigauni ilikuwa imekatwa kuelekea pembeni, kushoto na kulia, kwa mtu anayebariki umati. Jasho likanitoka. Fundi mzima!

Muuguzi akapita, akaona, akacheka bila ubaya. "Za kanisani zote ziko hivyo. Sie huwa tunazipasuaga nyuma."

"Miaka yote?"

"Miaka yote tangu nianze kazi hapa, mama. Wanaozileta wanatukabidhi mlangoni wanaondoka. Sasa zawadi mtu utaikosoa?"

Hapo nikaelewa. Mama Theodosia alimpima Mtoto wa plasta, mwenye kichwa kidogo cha kuchongwa na mikono iliyotanuka, nami nikaifuata pateni kwa utii maisha yangu yote, kwa sababu watoto wachanga sikuwasogelea. Nilikuwa nikimwomba na kumvalisha aliyekuwa pangoni, na hao hai nikiwaachia wauguzi wawapasulie.

Nikaketi pembeni ya kitanda. Wembe sikuwa nao, nikakata uzi kwa meno, nikafumua mgongo mzima kuanzia shingo hadi chini, polepole, bila kuchana kitambaa, mtoto akiwa mapajani pangu. Nikamvalisha kwa mbele, ngumi moja, kisha ya pili, nikamfunika mgongo kwa kanga ya mama yake. Akanyamaza. Alikuwa mzito. Sikuwa nimetegemea uzito, yule wa plasta ni mtupu ndani. Alikuwa na joto, na pumzi yake ilikuwa ikiinua pamba ya Mzee Abbas na kuishusha. Nikalia mbele ya Rozi na wodi nzima, nikamwambia yule Mtoto niliyemwomba siku zote, "Kumbe ulikuja hivi." Rozi alijilaza akafumba macho, akaniachia mtoto mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha.

Kwa hiyo Joyce, na wenzako, Majilio yakija mkate kigauni kwanza kama zamani, wateja wapige kelele wapendavyo. Ila pateni ya kaki nimeichana. Nimechora mpya, nimeiacha kwenye droo ya chini pamoja na mkasi wa Mama Theodosia. Kichwa nilikipima kwa shubiri yangu, nikaongeza upana wa kidole. Mgongo uwe wazi wote, wa kufunga kwa kamba, na mikono muikate kwa mtoto aliyejikunja. Mtoto wa pangoni atakivaa tu, yeye ndiye mwenye kuzoea. Na mchana wa Noeli mmoja wenu akipeleke mwenyewe, akae avalishe.

Siku ile tulirudi nyumbani jioni. Jirani alikuwa ametuletea pilau, Kastori akaitenga mezani, akaja na jagi na beseni kuninawisha. Nikarudisha mikono nyuma. Ilikuwa bado inanukia mtoto, maziwa na ile harufu nyingine ambayo sina jina lake.

"Pilau inapoa, mke wangu," akasema.

"Nakuomba, Kastori. Tukae kidogo kwanza."

Akaweka jagi chini, akaketi karibu yangu.